Gesi ya Nyuzi Sifuri

Fundi wa mapazia anaishi chumba kimoja na cherehani yake. Kitanda kipo ukutani, cherehani dirishani, na katikati yamelala madirisha ya watu wengine: maua ya sebuleni, mistari ya ofisini, kitambaa kizito cha yule daktari wa meno asiyependa mwanga. Dirisha lake mwenyewe amelifunika kwa shuka kuukuu. Msidhani ni umaskini. Ni mtu asiyetarajia mgeni.

Mume alishaondoka zamani, na siku hizi hasemwi kwa mabaya wala kwa mema. Watoto hakujaliwa. Alikuwa na mama na mdogo wake wa kike, na hao walimtosha.

Mama alipolazwa, mdogo wake, ambaye ni mwalimu wa kemia, alisimama na daktari kando ya mtungi wa oksijeni wakizungumza habari za kanieneo, yaani msukumo wa gesi, na kiasi kilichobaki. Fundi akauliza wanasema nini. Mdogo wake, bila hata kugeuka, akajibu, "Dada, haya hutayaelewa."

Ulimi hauna mfupa. Mimi naamini mwalimu yule alikuwa amechoka na ameingiwa na hofu, lakini nani ananiuliza? Fundi aliacha shule akaketi kwenye cherehani ili huyo huyo asome, halafu leo anaambiwa hivi mbele ya mgonjwa wao. Mama alifariki wiki ileile. Walizika, wakagawana vyombo vya jikoni kwa adabu kubwa mno, na tangu hapo hawakupigiana simu.

Ndipo Fundi akajiandikisha kufanya mtihani wa kemia, mtahiniwa wa kujitegemea, katika umri ambao wenzake wanaitwa bibi. Hakumwambia mtu. Alitaka cheti kile kimoja tu, aende nacho kwa mdogo wake, akiweke mezani, kisha aone nani haelewi nini.

Kitabu alikipata kwa muuza vitabu vya mitumba. Kilikuwa cha maswali matupu, kimeandikwa kwa ajili ya watu wenye mwalimu: kanuni moja juu ya ukurasa, halafu jitegemee. Kurasa za majibu za mwisho zilikuwa zimenyofolewa. Fundi hakukata tamaa. Kila swali alilifanya mara mbili, siku tofauti, bila kuchungulia alichoandika kwanza. Majibu yakilingana, anajipigia alama ya vema kwa chaki ya kitambaa. Maswali ya joto aliyapima hata kwa beseni, maji ya moto juu ya baridi, na kipimajoto alichonunua duka la dawa za mifugo. Yalikuja vilevile kama hesabu ilivyosema. Siku hiyo alifurahi sana, akageuka kumwambia mtu, akaiona cherehani.

Na kweli alizoea kuisomea. Mteja mmoja alimkuta akisema, "Gesi imefungiwa kwenye chombo, kanieneo haibadiliki," akasimama mlangoni.

"Fundi, unaongea na cherehani?"

"Ndiye mwenye subira humu ndani," Fundi akasema. "Pazia lako kesho."

Jumamosi, mtihani ukiwa Jumatatu, alifungua ukurasa wa mwisho wa gesi. Lita mbili za gesi kwenye nyuzi sifuri zinapashwa hadi nyuzi ishirini na saba. Zitakuwa lita ngapi? Akazidisha mbili kwa nyuzi mpya, ishirini na saba, kama alivyofanya siku zote, kisha ikabidi agawe kwa zile za mwanzo, yaani sifuri, jambo lisilowezekana. Akafuta. Akarudia. Sifuri ilikuwa palepale. Akarukia swali lililofuata, la gesi iliyopozwa hadi chini ya sifuri, nalo likampa ujazo ulio pungufu ya utupu. Chombo cha namna hiyo hakipo hata sokoni.

Akarudi nyuma. Gesi kutoka nyuzi kumi na tano hadi thelathini, yeye aliandika imeongezeka maradufu, mara mbili, kwa vema ya chaki. Akakitazama chumba. Asubuhi kilikuwa kama nyuzi kumi na tano, na sasa mchana ni thelathini. Kama hewa ingeongezeka hivyo, dirisha lingeng'oka kila siku. Maswali yote ya gesi yalikuwa makosa, na yote yalilingana, kwa sababu aliyeulizwa mara ya pili alikuwa mtu yuleyule. Nyani haoni kundule. Fundi alilia, na hakulilia gesi tu. Katika miezi yote ile hakukuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia, hapo umekosea.

Mtu mmoja alikuwepo wa kumuuliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kuinama kwingine kunavunja mgongo. Aliiweka simu mezani, akashona pindo zima la pazia, akaichukua.

"Haloo?"

"Ni mimi."

Sauti ya mdogo wake ikatetemeka. "Dada? Nani amefariki?"

"Hakuna. Nina swali la gesi."

"La nini?"

Fundi akamsomea. Alisubiri kicheko, lakini hakikuja.

"Umejumlisha mia mbili sabini na tatu?"

"Kwenye nini?"

"Kwenye nyuzi, zote mbili. Sifuri yetu ni pale maji yanapoganda tu, dada. Gesi ina sifuri yake, iko nyuzi hizo zote chini ya yetu."

"Mbona maswali ya joto sikujumlisha, na nimeyapima kwa beseni yakatoka sawa?"

"Kwa beseni?" mdogo wake akauliza. "Kule unatafuta tofauti, ujumlishe usijumlishe ni ileile. Huku unagawa."

Fundi akaandika mia tatu juu, mia mbili sabini na tatu chini, akazidisha kwa mbili. "Lita mbili nukta mbili."

"Ndiyo hivyo."

Basi. Jambo lilikwisha kabla mtu hajatunga uzi kwenye sindano. Mwalimu akasema, "Haya, dada," kwa sauti ya mtu asiyejua aseme nini tena, na Fundi akaogopa, maana kisingizio alikuwa nacho kimoja tu na alikuwa amekimaliza.

"Nina lingine," akasema.

Hakuwa nalo. Alifunua kitabu mwanzo kabisa, akasoma lililokuwa juu: kilo moja ya maji inapashwa kutoka nyuzi ishirini hadi thelathini, joto kiasi gani linahitajika? Ni swali la siku ya kwanza darasani. Aliyepima kwa beseni hawezi kulikosa, na mwalimu alilijua hilo.

Lakini hakumwambia ni rahisi.

"Hilo linataka muda kidogo," akasema. "Vuta kiti, dada. Kalamu unayo? Tuanze polepole, joto ni nini."

Fundi akavuta kiti, akaanza kuandika chini ya jibu alilokwisha kulipata.