Mavyaa wa Mpingo

Nyie vijana mtakaosoma haya, mkiingia nyumba ya mtu mkakuta kinyago, msiulize bei. Ulizeni kwanza ni nani. Mie shule niliishia kujua kusoma tu, lakini hili nimeliona kwa macho.

Mume wangu alikuwa mchongaji, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka kijana kuja kukata mkonge, akafika Dar tukaoana, tukajenga Kinondoni kukiwa bado mikorosho mitupu. Kwao vita vikaanza, njia ikafa. Mama yake na wadogo zake wakabaki huko. Picha yao hakuwa nayo. Basi akapata gogo la mpingo, akamchonga mama yake chini, na ndonya yake ya mdomoni na chale zake za mashavu, na wale watoto wamempanda mabegani, wameshikana, mmoja juu ya mwenzake. Vingine alichonga vya kuuza. Hicho hapana. Mie mavyaa wangu sikupata kumwona. Nilimjua kwa mti. Wanangu wakiamka walimwambia, "Shikamoo bibi," ndipo wanywe uji.

Zilipokaribia sherehe za Uhuru, wachongaji wakatakiwa walete kazi kwenye maonyesho ya pamoja. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja. "Ndugu, usipeleke vile vya watalii. Peleka kile kikubwa. Ni kuonyesha tu, kitarudi."

Mume wangu akafikiri. "Haya, mama naye atembee kidogo."

Vidogo vilipangwa ukumbini, vikubwa nje kwenye majani. Vijana wa chuo walisimamisha vyuma vilivyounganishwa, na dude la saruji lenye tundu katikati. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Shoga, huyu ni mtu au ni choo?" Nikamwambia nami nilikuwa nataka kumuuliza yeye.

Chetu kilikuwa nje. Akaja bwana wa utamaduni, mtu wa bara, na mgeni wa kizungu nyuma yake. "Ndugu, hiki kinaitwaje?"

Kiswahili cha mume wangu kilikuwa cha kukwaruza. Akasema, "Hawa jamaa zangu."

"Ujamaa!" Bwana akamgeukia mgeni. "Unaona wanavyobebana? Huyu wa chini ni taifa."

"Si taifa," mume wangu akasema. "Ni mama."

"Hasa, ndugu. Taifa ni mama."

Watu wakapiga makofi. Kikabebwa kikaingizwa ukumbini. Wachongaji wenzake wakamtania, "Umeingia ndani, mzee, leo soda juu yako." Nasi tukafurahi, maana tulijua kuingizwa ndani ni heshima. Kumbe ndani ndimo zilimochaguliwa zawadi za wageni.

Jioni tukaenda na mkokoteni kumchukua. Pale alipowekwa hapana kitu. Yule bwana akatueleza kwa upole kabisa kwamba kimeondoka na mgeni, na taifa linashukuru.

Nikasema, "Baba, yule ni mavyaa wangu."

Akaniuliza kabila. Nikamwambia Mzaramo. Akacheka mpaka akashika mlango. "Mtani wangu! Sie Wanyamwezi tumewazoea. Mavyaa wa mti!" Na waliokuwa karibu wakacheka. Nikarudia, wakazidi kucheka. Utani haukasirikiwi, na mimi nilikuwa sitanii. Mume wangu alikuwa ameshaugeuza mkokoteni.

Balozi naye nilimfuata. Akaniuliza, "Utasema taifa limeiba? Mbele ya nani?" Nikarudi nyumbani.

Mume wangu akatafuta gogo jingine. Ndonya ikatoka, chale zikatoka, uso ukatoka wangu mie. Akalipasua kuni. Lililofuata halikufanana na mtu yeyote. Akawa anashika tezo yake ya kuchongea, anafumba macho, anakaa hivyo mpaka chai inapoa. Siku moja binti yetu mdogo akamuuliza, "Baba, kwani bibi macho yake yalikuwaje?"

Akaiweka tezo chini, akatoka nje.

Nikawaita wote, wakubwa kwa wadogo, nikawakalisha mkekani. Nikawaambia, "Kuanzia leo, humu ndani asimuulize mtu baba yenu bibi alifananaje."