Salamu za Mlimani Hazihesabiki

Solfrid Nordgarden alifua mashuka ya wazee wa bonde la Kverndal tangu akiwa msichana mpaka mwenyewe akafikia umri wa kufuliwa, na muda wote huo hakuna aliyemsikia akisema amechoka. Si kwamba hakuchoka. Kuchoka aliona ni tabia ya watu wa Oslo, sawa na kuoga maji moto kila siku na kulia mbele za watu.

Nyumbani kwake kuna kochi. Hajawahi kulikalia. Kochi ni la wageni, na wageni hawaji kwa sababu mwenye nyumba hakaribishi, basi kochi lile mpaka leo linanukia duka. Yeye hukaa kwenye kigoda cha mbao karibu na dirisha, mgongo umenyooka kama anapigwa picha ya pasipoti. Nilimwuliza siku moja, shoga, kiuno hakikuumi? Akanijibu, "Kinauma. Kwani kiuno kazi yake nini?"

Ndivyo alivyo. Nami nimemjua tangu tuko darasa moja, tukigawana meza na kuibiana penseli, kwa hiyo asije mtu akaniambia namsengenya. Nasimulia.

Kitu kimoja tu alikipenda duniani, na hicho hakusema hata mara moja kwamba anakipenda: kibanda cha mlimani alichoachiwa na mama yake, Asgerd, chini ya mgongo wa mlima Langenut. Vyumba viwili, jiko la kuni linalotoa moshi kuliko joto, maji ya kuchota kijitoni baada ya kuvunja barafu kwa shoka, na choo cha nje kilichowekwa mbali kwa makusudi, ili mtu afikirie mara mbili. Solfrid akifika pale huwa na furaha kamili. Anatetemeka, anakohoa, ana furaha.

Tatizo ni kwamba Asgerd aliwaachia wawili. Nusu ya Solfrid, nusu ya mdogo wake, Eilif, fundi seremala, mwanaume mpole ambaye katika maisha yake yote alifanya kosa moja. Aliingiza umeme.

Hakuuliza. Solfrid alikwenda Pasaka moja, akafungua mlango, akaona balbu darini na friji pembeni. Friji! Mahali ambapo kwa miezi saba ya mwaka ukitaka kitu kisigande unakilalia! Alizifungua balbu zote moja moja, akazifunga kwenye gazeti, akaziweka chooni. Eilif alipozikuta huko alipiga simu, wakasemezana maneno ambayo kila mmoja aliyahifadhi vizuri, na tangu siku ile ndugu wale hawakuzungumza tena. Pasaka wakapokezana: mwaka huu dada, mwaka ujao kaka. Hata mazishi ya mke wa Eilif, Solfrid alikuja, akakaa safu ya nyuma, akaacha keki mlangoni bila jina. Kama kwamba kijiji kizima hakijui ni nani anayetia iliki nyingi namna ile.

Sasa mwaka jana, majira ya baridi yakiwa yanaelekea kwisha, habari zikafika: Eilif anauza nusu yake kwa daktari wa meno wa Oslo. Daktari anataka kujenga beseni la maji moto nje, watu wakae uchi wakitazama milima. Sahihi zingetiwa Jumanne baada ya Pasaka, ofisi zikifunguliwa. Solfrid hakuwa na uwezo wa kuinunua nusu ile. Alichokuwa nacho ni mdomo, na huo alikuwa ameufunga.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu watu wetu. Bondeni hatusalimiani. Si ubaya, ni adabu. Ukimsalimia mtu kituo cha basi atadhani una kitu cha kuuza au umerukwa na akili. Mimi na jirani yangu wa kushoto tumeheshimiana miaka mingi, yaani hatujuani. Lakini ukipanda mpaka pale miti inapokoma na theluji nyeupe inapoanza, mambo yanageuka. Huko kila mtu anamsalimia kila mtu, anamwuliza ametoka wapi, njia ya mbele ikoje, na anampa chungwa. Watu walewale! Mwalimu mkuu anayenipita dukani kama anapita kivuli, mlimani alinivulia kiatu akanionyesha lengelenge. Halafu Pasaka ikiisha tunashuka, na kila mtu anarudi kwenye ububu wake.

Kwa hiyo salamu za mlimani hazihesabiki: ukishuka, ni kama hukumsalimia mtu. Hili kila mtu analijua.

Ijumaa Kuu mimi na Solfrid tukapanda Langenut, kama kila mwaka ulio zamu yake. Siku ilikuwa nzuri kupita kiasi, jua linawaka mpaka linakera, anga buluu bila aibu yoyote. Theluji ilikuwa imeganda ngumu juu kwa baridi ya usiku, unaikanyaga kama sakafu, lakini ngoja saa sita ifike: unazama mpaka mapajani. Tulipofika begani mwa mlima tukazisimika thelujini skii zetu, zile mbao za kutelezea, maana mgongo wenyewe ni mwembamba, unapandwa kwa miguu. Kushoto mwamba umekatika. Kulia theluji imejitokeza hewani kama upenu wa nyumba, chini yake hakuna nyumba. Katikati kuna njia ya mtu mmoja, iliyochimbwa na viatu vya waliotangulia.

Huko chini tuliviona vibanda vya watu, na kila ukuta unaotazama jua umepangwa watu kama samaki wa kukaushwa, nyuso zinang'aa mafuta, darubini mkononi. Wanasema wanatazama ndege.

"Kwa nini usimpigie simu?" nikamwuliza Solfrid tukipanda.

"Nani?"

"Ndugu yako, nani mwingine."

"Sina ndugu. Nina mbia."

"Basi mpigie mbia. Mwambie asiuze."

"Akiniuliza nitamwambia."

"Atakuulizaje na hamsemezani?"

"Hiyo ni shida yake," akasema, akaongeza mwendo.

Tulikuwa pale pembamba kabisa nilipoona mtu anakuja kutoka upande wa pili, kutoka nyumba ya wasafiri iliyo bonde la ng'ambo. Kofia ya kijivu, bega moja limeshuka. Nikamtambua kabla hajainua uso. Solfrid naye alimtambua, nilijua, kwa sababu shingo yake ilikakamaa kama ya bata mzinga.

Wakasimama uso kwa uso. Kurudi nyuma, nani arudi? Kupita pembeni, upite uende wapi?

"Habari," akasema Eilif.

"Nzuri," akasema Solfrid.

Nikashusha pumzi. Lakini Solfrid akageuza kichwa kidogo, akaninong'oneza, "Haihesabiki."

Basi. Kwa kuwa walikwisha salimiana, adabu ya mlimani ikawabana wote wawili. Huwezi kumsalimia mtu kule juu halafu usimwulize njia.

"Umetoka mbali?" Solfrid akamwuliza mtu aliyezaliwa naye kitanda kimoja.

"Ng'ambo huko. Na wewe?"

"Hapo chini. Kwenye kibanda."

"Kizuri?"

"Kinafaa. Kina umeme, kwa bahati mbaya."

Eilif akakohoa. "Theluji ya mbele ni imara," akasema. "Usikae sana upande wa upenu."

"Asante. Chungwa?"

Akamtolea chungwa kwenye mkoba. Eilif akavua glavu, akalishika, akaanza kulimenya. Akaligeuza. Akabonyeza kwa kidole gumba, ganda halikutoboka. Akaligeuza tena. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio, vimepinda kama mizizi ya mti, vile vidole vilivyojenga nusu ya dari za Kverndal. Nikatazama mandhari. Mandhari niliijua tangu utotoni, lakini niliitazama kwa bidii sana.

Solfrid alinyoosha mkono, akalichukua chungwa, akalimenya lote, akamrudishia vipande.

Wakati huo nyuma ya Eilif walikuwa wamefika mume na mke waliovaa makoti ya rangi moja, na nyuma yangu wazee watatu na mbwa. Foleni ikawa pande zote mbili. Hakuna aliyethubutu kusema tupisheni.

"Nasikia hicho kibanda kinauzwa," akasema Eilif, akitafuna.

"Nasikia hivyo pia. Nusu."

"Nasikia wenyewe hawaelewani."

"Nasikia kaka mtu ndiye aliyeanza. Aliingiza umeme bila kuuliza."

"Nasikia angeuliza angejibiwa nini?"

"Angejibiwa hapana!"

"Ndiyo maana hakuuliza." Akameza. "Nasikia alikuwa na mke mgonjwa. Madaktari walisema asikae baridi. Mke mwenyewe alitaka aione Pasaka ya mlimani mara moja tu zaidi."

Upepo ukavuma kidogo. Mbwa akakaa.

"Hilo mimi sikulisikia," akasema Solfrid polepole.

"Halikusemwa."

"Na kwa nini halikusemwa? Ana mdomo, huyo mtu, au hana?"

"Nasikia ni ugonjwa wa ukoo," akasema Eilif.

Mimi hapo nilicheka, Mungu anisamehe. Wakanitazama wote wawili kwa jicho lile lile la marehemu Asgerd, nikarudi haraka kwenye mandhari.

"Na sasa anauza ya nini?" Solfrid akauliza. "Mke hayupo, umeme anao, friji anayo. Nini tena kinamsumbua?"

Eilif akainua mikono yake, akaitazama kama vyombo vya mtu mwingine. "Nasikia hawezi tena kushika shoka. Barafu ya kijitoni haivunjiki kwa mate. Kuni hazijipasui. Atakaa huko peke yake afanye nini, aombe msaada kwa nani? Heri auze, angalau watu wadhani anapenda pesa."

"Anapenda watu wamdhanie mchoyo kuliko wajue anaumwa vidole?"

"We ungefanyaje?"

Wote tulijua Solfrid angefanyaje. Alikuwa anakunjakunja maganda ya chungwa, akayatia mfukoni. Mlimani hatutupi takataka. Mwanamke huyu mashuka ya bonde zima yalipita mikononi mwake na hakulalamika, lakini sentensi moja ile ilimtoa jasho.

"Nasikia," akasema, "dada mtu mikono yake miwili ni mizima. Anapasua kuni vizuri tu. Anazipasua nyingi mno, hata, hana wa kuzichoma."

"Nasikia hamtaki huyo kaka hata kumwona."

"Watu wanasema mengi."

"Na balbu?"

Yule mwenye koti nyuma ya Eilif alikuwa amesogea mbele kidogo ili asikie.

"Balbu moja," akasema Solfrid. "Moja angeweza kuivumilia."

"Mbili. Macho nayo si kama zamani."

"Mbili. Lakini friji itoke! Friji gani mlimani, wewe, mama angekuona..."

Alikuwa amejisahau. Eilif akatazama viatu vyake, mabega yakitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au vinginevyo.

"Samahani," akaingilia yule mwenye koti, kwa upole wote wa mtu wa mjini, "kwani nyinyi mnafahamiana?"

"Hapana!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

"Aa. Nilidhani tu."

"Basi," akasema Eilif, akivaa glavu kwa meno. "Nasikia huyo kaka mtu ana simu ya kumpigia daktari wa meno. Kumwambia atafute mlima mwingine wa kuvulia nguo."

"Lini?"

"Leo, mtandao ukishika."

"Afanye upesi," akasema Solfrid. "Madaktari wa meno huwa hawaachii."

Ikabaki shida ya kupishana. Mahali kama pale kuna namna moja tu: mnashikana mabega, kifua kwa kifua, mnazungushana taratibu kama watu wanaocheza muziki polepole, mpaka huyu awe kule na yule awe huku. Wakashikana. Wakazunguka. Ilikuwa kwa ajili ya usalama tu, hakuna mtu atakayenibishia hilo. Ila ni kweli kwamba walipomaliza kuzunguka walichelewa kidogo kuachiana, na mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Hawa wanaogopa kimo, maskini."

Eilif akanipita na mimi kwa namna hiyo hiyo. Alininukia chungwa na vumbi la mbao. Hakunisalimia kwa jina, nikamheshimu kwa hilo. Akaanza kushuka kuelekea begani.

Alikuwa amekwenda hatua chache Solfrid alipopaza sauti bila kugeuka, akiwa anatazama kilele mbele yake kana kwamba anazungumza nacho:

"Ufunguo uko palepale!"

"Najua!" ikajibu sauti kutoka nyuma.

Tukaendelea kupanda. Mume na mke wenye makoti walirudi hatua chache mpaka palipopanuka, wakatupisha, wakitutazama kama watu wenye maradhi.

"Shoga," nikamwambia, "mtu humjui, unamwambia ufunguo ulipo?"

"Mlimani watu wanaaminiana," akasema.

Tulifika kileleni. Miaka mingine tunakaa pale muda mrefu, tunakula mkate na jibini ya kahawia, tunahesabu vilele. Mwaka ule Solfrid aligusa rundo la mawe kwa ncha ya kiatu, akageuka palepale. Jua lilikuwa limeanza kulainisha theluji, na kule chini moshi ulikuwa tayari unatoka kwenye bomba la kibanda chake, mwingi, mweusi, moshi wa mtu asiyejua kubana hewa ya jiko.

"Twende, twende," akanisukuma. "Mwanaume yule ataniteketezea kuni kavu zote."