Kushika si Kusimama

Delbert Haugen wa Barstow alisoma mita za maji za watu miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu akauhamishia ukali ule ule kwenye milima ya jangwa. Chama chao cha wapanda milima kina orodha ya vilele tisini na sita, huko California na Nevada, na anayevimaliza vyote jina lake huandikwa kwenye ukurasa wa heshima. Basi. Hapewi kikombe, hapewi hata soksi. Kwa ajili ya ukurasa huo Delbert aliwahi kuondoka kwenye harusi ya binti yake watu hawajala bado.

Yeye ndiye pia mtunza orodha, na hapo ndipo alipokuwa akichosha roho za watu. Kila kilele kina kopo la bati lenye daftari, na kila anayefika huandika jina lake. Miaka sita iliyopita Wilma Pruett, aliyekuwa dereva wa basi la shule, alifika Mlima Tolliver, kilele chake cha mwisho. Juu ya Tolliver kuna jiwe moja laini, refu kuliko mtu. Wilma alinyoosha mkono akalishika utosini, akashindwa kulipanda, na kwa kuwa uongo haumkai mdomoni akaandika hivyo hivyo daftarini. Habari ilipomfikia Delbert, akamfuta orodhani.

"Kushika si kusimama," alitangaza mkutanoni mbele ya wote.

Mwenyewe alikuwa hajawahi hata kulisogelea jiwe hilo. Leo upepo, kesho goti, akalikwepa mpaka vilele vingine vyote vikamwishia, ukabaki Tolliver peke yake.

Jumamosi moja ya Novemba wakaenda watatu: Delbert, Wilma aliyekuwa na kiporo chake kule juu, na Curtis Bohn, fundi bomba mstaafu anayecheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Kambini kila mtu huleta chakula cha wote. Wilma alileta sufuria ya maharage na nyama, Curtis mkate wa mahindi. Delbert alileta pakiti ya biskuti za chumvi, tena iliyokwisha funguliwa. Akala sahani tatu, akasema pilipili imezidi.

"Kesho usiniletee mambo yako, mama," alimwambia Wilma akipangusa ndevu. "Tunasimama au hatusimami."

"Wewe simama tu, bwana mkubwa. Mimi nitapiga makofi."

Jumapili walipanda kwa muda wa saa tano kwenye kokoto zinazoteleza na miiba inayong'ang'ania suruali. Delbert alitangulia, macho kwenye viatu vyake. Bonde lote lilikuwa limefunguka nyuma yake na hakugeuka hata mara moja.

Walipofika, akalizunguka jiwe. Akaweka mguu, akateleza. Mara ya pili suruali ikachanika makalioni. Mara ya tatu akalikumbatia kama mlevi na nguzo. Curtis akageukia upande wa Nevada ili asicheke usoni mwake.

"Viatu hivi vimekwisha," Delbert akasema.

"Si vya mwezi uliopita hivyo?" Wilma akauliza.

Delbert akanyoosha mkono, akalishika jiwe utosini. Kisha akaona wenzake wanautazama mkono huo, akaushusha upesi. Sasa aliogopa kweli. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na goti lile lisingemrudisha huku tena. Asiposimama leo, ukurasa ndio umempita.

Wilma akavuta pumzi, akatua mkoba, akainama na kuegemeza mikono kwenye jiwe. "Haya, panda. Futa viatu kwanza."

Hakufuta. Alimkanyaga begani, akajikokota, akasimama. Machozi yakamtoka, mtu mzima huyo.

"Nami nipe mkono," Wilma akasema kutoka chini.

Ilikuwa kazi ya mvuto mmoja tu. Lakini wangekuwa wamemaliza wawili siku moja, na Delbert hakuja Tolliver kugawana.

"Curtis, picha kwanza."

Zikapigwa nne.

"Mkono, Delbert."

"Unajua, Wilma, kwa haki kabisa, kuvutwa na mtu hakuhesabiwi. Mimi ndiye mtunza orodha, nitaonekanaje?"

Curtis akashusha kamera. "Mzee, si umemkanyaga bega sasa hivi?"

"Hilo ni jambo jingine."

Wilma alipukuta mchanga begani, akaketi kivulini, akaifungua keki ya pongezi aliyombebea Delbert tangu chini. Akala na Curtis, na ilikuwa keki nzuri.

Juu ya jiwe Delbert akaanza kutafuta njia ya kushuka. Nyuma palikuwa na poromoko. Mbele akakaa kitako, akatanguliza mguu, akaurudisha.

"Wilma, hebu njoo uiname kidogo."

"Nishibe kwanza."

"Utani basi! Jua linakwenda."

Wilma akainuka, akatoa daftari kwenye kopo, akampa Curtis na kalamu. "Kushika kunatosha au hakutoshi?"

"Tutalizungumza mkutanoni."

"Mkutano ndio huu."

Delbert akatazama chini, akatazama jua. "Kunatosha."

"Tangu lini?"

"Tangu… tangu uliposhika wewe."

"Sauti, mzee," Curtis akasema. "Naandika."

Akarudia kwa sauti. Curtis akaandika jina la Wilma na tarehe ya miaka sita iliyopita, chini yake la Delbert. Ndipo Wilma akainama tena, ila safari hii akamwambia avue viatu.

Akavivua.