Mama Niliyemwandika Marehemu

Mwanangu, miaka mingi imepita, na bado nakumbuka siku moja, jua la Kakuma likichoma hata kivulini, nilipomuua mama yangu kwa kalamu.

Nilikuwa nimemaliza stashahada katika chuo kidogo cha Lodwar, na chuo kikuu kilikuwa tayari kunipokea niendelee na shahada. Ilibaki fomu ya kuombea karo, nayo ilihitaji muhuri wa chifu wa nyumbani. Baba sikumjua. Mama alinilea kwa kupika chang'aa ya mtama wa mgao alioununua kambini kwa wakimbizi, nami nilijifunza kusoma huku walevi wakinikanyaga miguu. Fomu ilipouliza kazi ya mama, aibu ilinishika, nikaandika: marehemu.

Sikupita nyumbani, wala sikujua kwamba mama amesikia nimefika. Alinifuata hadi kwa chifu, na kibuyu cha maziwa mkononi. Chifu alisoma fomu, akainua macho, akamwona nyuma yangu.

"Ejok, marehemu," akamsalimu kwa Kiturkana. Waliopanga foleni wakacheka.

Alipoelezwa kilichoandikwa, mama akasema, "Chifu, piga muhuri. Kama kufa yangu itapeleka mtoto chuo kikuu, basi mimi nimekufa."

Chifu aliniuliza kama ningependa kulifuta neno lile. Niliogopa kwamba fomu iliyofutwafutwa ingekataliwa, nikatikisa kichwa. Akagonga muhuri bila kunitazama. Mama akanipa kibuyu, akaniambia ninywe, safari ni ndefu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda hadi mwaka wa pili, wiki ya mitihani, nilipopata habari kwamba mama amefariki kweli. Ningeomba ruhusa nikamzike nani? Faili yangu ilikuwa imekwisha kumzika. Nilikaa nikafanya mtihani, na majirani wakamzika bila mimi.

Shahada ninayo, mwanangu. Maziwa yale nayaonja hadi leo.

Kwa hiyo nakuusia: ukiulizwa ulikotoka, paandike kama palivyo. Mzazi aliyekulea kwa kazi ya aibu aliibeba aibu hiyo kwa niaba yako. Na ukikosea, futa mapema, kalamu ingali mkononi.

Akuj, Mungu wetu, akufikishe mbali, kisha akurudishe upesi, umkute mama yako angali mlangoni.