Matanga ya Athumani

Harufu ya ubani ilinipokea tangu kwenye lifti ya jengo letu la Scarborough, nikitoka shule. Ndani, Baba alikuwa amefunika king'ora cha moshi kwa mfuko wa plastiki tusije tukaletewa wazima moto, na Mama ametandika mikeka sebule nzima. Nilikuwa na miaka tisa. Nikauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, nani kafa. "Athumani," Babu akanijibu, "ndugu yangu mkubwa."

Athumani alikufa kabla Baba hajazaliwa. Alikuwa mtumishi katika manowari ndogo ya Waingereza, iliyosindikiza meli za shehena wakati wa vita vya Hitler. Babu alitusimulia habari zake mpaka tukazikinai: ilivyopiga mizinga pwani ya Somalia, ilivyotia nanga Kilindini imejaa matundu, Athumani akashuka na kopo la biskuti akawagawia watoto wa mtaa mzima, kisha ilivyokwenda Mediterania, ikapigwa topido na kuzama na watu wake. Habari zilipofika Mombasa, mama yao alikataa kulia. Hakuna maiti, hakuna matanga, alisema, na mpaka anakufa alikuwa akimwekea mwanawe wali chini ya kawa.

Sasa Babu alikuwa mgonjwa wa moyo, na hofu yake ilikuwa moja tu: akiondoka yeye, Athumani hatakuwa tena na wa kumlilia. Basi tukamkalia matanga. Watu wa msikitini walikuja, na jirani yetu Mtamil akaleta sufuria la mchuzi, masikini, hajui kwamba marehemu wetu ana miaka sitini majini. Babu alilia siku tatu. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akilia vile, na iliniuma sana.

Siku ya tatu, khitma ilipokwisha kusomwa, Baba aliinama kukunja mkeka ili matanga yaondolewe. Babu akaushika kwa mikono miwili.

"Baba, si wewe mwenyewe uliyetaka?"

"Nilitaka. Lakini ukiukunja huu, mwanangu, Athumani harudi tena."

Baba akauacha. Babu mwenyewe tulimzika mwaka uliofuata, na matanga yake yakaondolewa kwa wakati wake, bila shida yoyote.

Nilidhani yale yalikuwa mambo ya wazee. Mwezi huu Mama amefia Mombasa alikokwenda kutembea, akazikwa siku ileile, nami mimba yangu ni kubwa, nimekatazwa kupanda ndege. Wanaokuja kunipa pole huuliza matanga tutaondoa lini. Tiketi yake ya kurudi ni ya Jumamosi, na moyo wangu, mjinga huu, unajiandaa kwenda kumpokea.