Mama yangu, njia ya baiskeli, na nyumba zilizojengwa juu ya maji ya Kyela

Wakuu, salamu kutoka Kyela, huku mchele unanukia hata kabla haujaiva. Mugonile!

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naleta la kwangu. Atakayeona nimeongeza chumvi apande gari aje Kyela, nitampeleka mwenyewe akaone kwa macho.

Halafu nitoe angalizo: mimi ni mwanamke. Najua ID yangu inawachanganya, kuna watu PM wananiita "kaka". Basi hapana, ni dada yenu, nauza mchele sokoni, mume wangu Lusajo ni fundi baiskeli.

Twende taratibu.

Sisi tulikuwa tumepanga bondeni, pembeni ya mji, upande wa kuelekea Bujonde. Wenyeji mnapajua. Kodi ya kule ni nafuu kwa sababu moja tu: mvua za masika zikikolea, maji yanaingia ndani bila kubisha hodi.

Tulishazoea. Vitanda tulivipandisha juu ya matofali, magunia ya mchele juu ya meza, kuku darini. Maisha yanaendelea.

Shida ilianza mama alipoanguka.

Mama ni mtu wa Bujonde, mkulima wa mpunga na kokoa, na alikuwa mwanakwaya wa kanisa tangu usichana wake. Siku hiyo alikuwa anatoka kanisani, amepakiwa nyuma ya baiskeli. Njia ilikuwa tope tupu, baiskeli ikateleza, akaangukia mgongo. Kijana wa watu aliyekuwa anaendesha alilia kuliko mama mwenyewe.

Miguu haikurudi tena, wakuu. Tulizunguka hospitali, hadi Mbeya tukafika. Tukaambiwa tumshukuru Mungu kwa mikono na akili.

Nikamchukua, nikaja kuishi naye kwenye vyumba vyetu vile vya bondeni.

Sasa fikiria. Mtu aliyezoea kuamka na kwenda shamba, kanisani, msibani, sokoni, anakaa chumba kimoja mwaka mzima. Kiti cha magurudumu tulikuwa nacho, lakini ukikitoa nje ya mlango kinazama kwenye tope. Kumpeleka kanisani ilikuwa kumbeba. Baada ya muda akaanza kukataa. "Mniache tu, nitasali hapa hapa." Sauti yake ikawa inapungua. Kuimba aliacha kabisa.

Likaja lile ambalo hadi leo silisahau.

Nilikuwa sokoni. Lusajo alikuwa kwenye kibanda chake cha ufundi. Mvua ilinyesha milimani, mjini kwetu kulikuwa na manyunyu tu. Ndiyo Kyela hiyo, maji yanakuja kutoka kwa watu wengine. Mto ukafurika, yakaingia ndani, na mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka anachambua maharage.

Aliyemwokoa ni jirani yetu Bwana Hamisi, mwenye duka la vitenge, watu wao walitoka pwani zamani. Alisikia mtu anaita, akaingia na maji kiunoni, akamkuta mama ameshika nondo za dirisha, maji yamefika kifuani. Akambeba mgongoni mpaka barabarani.

Nilipofika nilimkuta mama dukani kwake, amefunikwa vitenge vipya vya kuuzia. Hakulia. Aliniangalia akasema, "Mwanangu, nilikuwa nakuita wewe, amekuja Hamisi."

Kauli hiyo ilinikata maini.

Sasa ndiyo tunaingia kwenye habari yenyewe.

Halmashauri ikatangaza mradi. Kuna eneo la mwinuko kidogo, si mlima, Kyela tuna milima ya kuangalia kwa mbali tu. Pale zitajengwa nyumba ndogo za bei nafuu kwa watu wanaokaa kwenye maji. Vyumba viwili, msingi mrefu, tofali za kufungamana zinazofyatuliwa pale pale, na nafasi ya kuongeza chumba ukijaliwa. Unalipa kidogo kidogo kama kodi, mwisho wa siku nyumba inakuwa yako.

Na pamoja na nyumba, ijengwe njia. Si barabara ya malori. Ni tuta pana lililoinuliwa, limetandazwa vitofali, makalavati chini ili maji yapite, daraja dogo kwenye kijito, miti pembeni. Njia ya watembea kwa miguu, baiskeli na viti vya magurudumu, kutoka kwenye nyumba mpaka sokoni, ikipita kanisani, msikitini, shuleni na zahanati.

Mkutano wa hadhara ukaitishwa. Watu walijaa hadi kwenye madirisha ya ukumbi. Mama akasema anataka kwenda. Nilishtuka, maana alikuwa hatoki. Tukambeba.

Ubishi ulikuwa mkali. Mnunuzi mmoja wa kokoa akasimama, na niwe mkweli, alikuwa na hoja. Akasema, "Huku kila mtu anakwenda kwa baiskeli hata bila njia. Tope tumezaliwa nalo. Fedha ya hiyo njia ijenge nyumba zaidi. Watu wanalala majini, nyie mnapanda miti ya kivuli?"

Ukumbi ukapiga makofi. Hata mimi nilipiga, kwa sababu nilikuwa nahesabu: nyumba zikiwa nyingi, nafasi yetu ya kupata inakuwa kubwa.

Mhandisi wa mradi, binti mpole hivi, akajaribu kueleza kuhusu mpango mzima, hakusikika.

Ndipo mama akanyoosha mkono.

Kwanza hawakumwona, yuko chini kwenye kiti. Bwana Hamisi akapaza sauti, "Jamani, kuna mama anaomba kusema!"

Mama akaanza kwa Kinyakyusa, kuwasalimia wazee, halafu akageukia Kiswahili ili wote waelewe. Nanukuu kama alivyosema, maana yamenikaa kichwani:

"Mimi maji yalinifika hapa," akaonyesha kifua. "Nyumba naitaka kuliko wengi wenu. Lakini tangu nianguke sijaona soko. Sijaona kaburi la mume wangu. Mkinijengea nyumba nzuri kule juu bila njia, mtakuwa mmenihamisha chumba tu. Nitoeni kwenye maji, wanangu, lakini msinifiche."

Aisee. Nilisikia mbuzi analia nje.

Yule mnunuzi wa kokoa akakaa taratibu. Akavua kofia, akaikunja mapajani. Baadaye akasimama tena, nikadhani anajibu mashambulizi. Akasema tu, "Lori langu litabeba mchanga wa hiyo njia." Basi.

Wakakubaliana: nyumba zijengwe kwa awamu, njia ijengwe pamoja na awamu ya kwanza, na wananchi tujitolee nguvu kazi.

Sasa sikilizeni kejeli ya maisha. Awamu ya kwanza ilikuwa na nyumba chache, zikapigiwa kura ya bahati mbele ya watu wote. Jina letu halikutoka.

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Nikamwambia mama, "Umeona sasa? Tumetetea njia, nyumba wamepata wengine."

Akanijibu bila hata kuniangalia, "Na njia nayo ni yetu. Kesho mwende mkachimbe."

Tukaenda kuchimba. Nilibeba mchanga kichwani kwa ajili ya njia ya kwenda kwenye nyumba za watu, huku mimi nalala juu ya matofali. Lusajo alipanda miti na vijana wa kibandani kwake. Masika yaliyofuata yakatukuta bado bondeni, ila safari hii hatukumwacha mama peke yake hata dakika moja, tulipeana zamu na mke wa Bwana Hamisi.

Awamu ya pili, jina likatoka.

Siwezi kueleza siku ya kuhamia. Mama aliomba tumweke chini, apapase sakafu kwa viganja. Kavu. Akapapasa tena. "Ndaga," akasema. "Ndaga fijo." Asante, asante sana. Sijui alikuwa anamwambia nani, Mungu au sakafu.

Kanisani wakachangishana, ikapatikana baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Lusajo akaifungua yote akaisuka upya, akarekebisha mnyororo uwe mwepesi, akaweka na kibebeo nyuma.

Asubuhi ya kwanza nikasema nitatembea naye pembeni. Tumetoka, amekamata mikono ya baiskeli, anazungusha kwa woga. Magurudumu yanalia kwenye vitofali, tik tik tik. Tumefika kwenye kibao cha zahanati, akaongeza mwendo. Nikaongeza mwendo. Akaongeza tena. Nikaanza kukimbia, wakuu, na kitenge changu, mwanamke mzima nakimbia kumfukuza mama yangu!

Nikashindwa. Nikasimama, mikono kiunoni, natweta.

Akavuka daraja peke yake. Akawa mdogo, mdogo, chini ya ile miti michanga. Watu aliokutana nao walikuwa wanashuka kwenye baiskeli zao kumsalimia, "Ugonile, mama! Ugonile!" na yeye anaitikia bila kusimama.

Nililia pale njiani kama mtoto aliyeachwa. Nilimzoea mama wa kubebwa. Sikujua kama yule mwingine bado yupo.

Nilipofika sokoni nikamkuta anabishana na mwenzangu bei ya dagaa. Sauti imerudi yote.

Sasa kubwa kuliko yote.

Mwaka huo maji yalikuja kuliko tulivyozoea. Mvua ilinyesha mfululizo. Kulipokucha nikafungua mlango, nikabaki nimeshika kitasa.

Bonde lote lilikuwa ziwa. Mpunga hauonekani, uzio hauonekani, tulipokuwa tunakaa ni mapaa tu. Na katikati ya maji hayo yote, njia yetu imenyooka juu ya tuta, nyeusi kwa kulowa, maji yanapita chini yake kwenye makalavati yananguruma.

Na juu ya njia, watu.

Mstari mrefu ambao mwisho wake siuoni. Wamepakia magodoro kwenye baiskeli, magunia ya mpunga, wengine wanasukuma wazee waliokalishwa kwenye karia. Mmoja ana cherehani kichwani. Hakuna kelele, hakuna kukanyagana. Wanakuja tu, kwa mstari, kama watu wanaokwenda kupokea sakramenti.

Nilijua kila hatua ya tuta lile, nililibeba kwa kichwa changu, lakini sikuwa nimejua tunajenga nini.

Nikasikia tik tik tik nyuma yangu. Mama anatoka.

Nikamwambia, "Mama, kaa ndani, kunanyesha."

Akasema, "Injika sufuria kubwa," akaondoka.

Alikwenda kinyume na ule mstari, watu wanampisha. Alipofika upande wa pili wa daraja, akawa anapokea watoto waliochoka. Mmoja mapajani, wengine kwenye kibebeo, anawaleta kwenye nyumba zetu, anawashusha, anageuza, anarudi tena. Mikono yake ile, wakuu. Mikono ambayo daktari alituambia tushukuru kwa ajili yake.

Kila nyumba ilifungua mlango. Kwetu vyumba viwili vililaza watu sijui wangapi, Wakristo na Waislamu tumepangana kama dagaa. Bondeni kote maji yalibeba vitu. Mtu hakupotea hata mmoja.

Sasa nisiwadanganye kwamba huku ni peponi. Wapo ambao bado wanasubiri awamu yao. Bodaboda wengine wanapita kwenye njia kwa kuiba, tunagombana nao kila siku. Miti mingine ililiwa na mbuzi.

Ila nililojifunza ni hili: nilidhani makazi ni kuta na bati. Kumbe nyumba inaanzia pale unapotoka mlangoni ukaweza kufika kwa watu wako, na wao wakafika kwako. Viongozi wanaosoma humu, ukimjengea mtu maskini nyumba mbali na kila kitu, umemsaidia nusu. Mjengeeni na njia.

Mlioko Ngana, Talatala na hata wilaya nyingine zenye maji kama yetu, kwenu mambo yakoje? Wahandisi karibuni mnikosoe, mimi ni muuza mchele tu. Na wenye wazazi wasiotembea, tuambiane mnafanyaje. Maswali nitajibu, ila mtandao huku mvua ikinyesha ni wa kusuasua.

Mmoja ataniuliza mama anaendeleaje. Ninavyoandika hapa, ametoka tangu asubuhi. Inaweza kuwa kwaya, inaweza kuwa msibani, inaweza kuwa Bujonde kukagua kokoa zake. Hakuaga.

Sijui alipo, wakuu. Na hamuwezi kujua ilivyo tamu kusema hivyo.