Baba alivyotupanga kando ya Jogoo Road tuvute moshi wa basi kama dawa

Wakuu, habari za mchana.

Hii nawapa kama ilivyokuwa. Mdogo wangu Nekesa yuko humu jukwaani, nikitia chumvi atanianika.

Ni mtaa wa Makongeni, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Baba alikuwa fundi wa injini kule reli. Nyumba yetu ya vyumba viwili ilikuwa safu ya kwanza, dirisha la mbele likitazama Jogoo Road. Wazazi walilala chumba cha nyuma. Mimi na Nekesa tulilala mbele, chini ya dirisha, tukipokea salamu za kila lori.

Watoto wa safu ya kwanza tulikohoa kama tumeajiriwa. Mama akitaka kujua tuko wapi, alisimama mlangoni akasikiliza tu. Changu kilikuwa kikohozi kikavu. Cha Nekesa kilikuwa na filimbi mwishoni.

Nekesa alikuwa na miaka mitano, na hiyo filimbi ilizidi kila wiki. Mama alikuwa na hofu.

Baba akalichukua jambo kifundi. Kwetu Bungoma, mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu. Baba alikulia chini ya hayo mahindi. Akawaza hivi: kama moshi unafukuza wadudu wa mahindi, hawa wa kifua ni akina nani?

Mnacheka. Ngojeni.

Kesho yake kabla ya shule tukapangwa kando ya barabara, hatua chache kutoka stage ya mabasi. Basi likianza kuondoka, exhaust ikitema lile wingu jeusi, Baba anaamuru: "Vuta! Shikilia! Toa!"

Mara tatu, kila asubuhi. Mabasi yaliyotunzwa vizuri aliyadharau. Alikuwa na moja kuukuu alilolipenda, na siku likichelewa, sisi pia tulichelewa shule.

Baada ya dozi alitupenga kamasi kwa leso nyeupe. Leso ikitoka nyeusi, anaiinua juu majirani waone.

"Mnaona? Uchafu inatoka!"

Wakuu, ushahidi huo nani angeupinga? Wiki ya pili, Mama Wangari wa mlango wa tatu akaleta watoto wake wanne. Wiki ya tatu tulikuwa foleni nzima, kila mtoto na leso yake. Watu wakaanza kumwita Baba Daktari, na yeye akaanza kutembea kidaktari, mikono nyuma.

Mama peke yake ndiye aliyepinga. "Baba Nafula, huyu mtoto si mahindi." Nafula ndiye mimi.

Baba akamwambia angoje matokeo.

Matokeo yalikuja Alhamisi. Lile basi kuukuu lilitema, Nekesa akavuta, akashikilia kama alivyofunzwa, halafu kutoa kukakataa. Midomo ikageuka rangi. Macho yakanitafuta mimi. Hapo sikuona kichekesho, na hata leo sikioni.

Baba alimbeba akakimbia naye hadi zahanati. Mama nyuma yake pekupeku, mimi nyuma na begi la shule.

Sista wa zamu alimdunga sindano, tukangoja, Nekesa akaanza kupumua tena. Ndipo Sista akauliza ilikuwaje. Baba, jasho likimtiririka, akaeleza yote: mahindi, meko, dozi. Kisha akaitoa leso mfukoni kama wakili.

Sista alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Halafu akaacha kucheka.

"Mzee, hii uchafu haitoki. Inaingia. Hii kwa leso ni ile tu ilikosa nafasi."

Akauliza mtoto analala wapi. Mama akajibu, "Mbele, kwa dirisha ya barabara."

"Mkimrudisha hapo mtamleta tena. Na siku hiyo labda mchelewe."

Tulipofika nyumbani, Baba akabeba godoro letu akalipeleka chumba cha nyuma, kisha akaanza kuvuta kitanda chao kuja mbele, chini ya dirisha. Mama akashika upande wa pili bila kuuliza.

Asubuhi foleni ilikuwa tayari barabarani, leso mikononi, ikimngoja Daktari. Nilidhani atapitia nyuma ya nyumba. Akaenda moja kwa moja akasimama mbele yao.

"Nilikosea. Rudisheni watoto ndani. Na kama uko na chumba ya nyuma, walale huko."

Mama Wangari akauliza, "Sasa Daktari, na hizi leso zote?"

"Pangusieni meza."

Wakuu, akina baba wa Makongeni enzi hizo hawakuwa wanakosea. Huyo ndiye wa kwanza niliyemsikia akikiri, tena mbele ya majirani.

Nekesa alipata nafuu ndani ya miezi michache, ingawa hakupona kabisa. Kikohozi kilihamia kwa Baba. Alilala chini ya lile dirisha mpaka alipostaafu, na hata siku moja hakulalamika. Nilichelewa sana kuelewa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa pole yake kwetu.

Funzo langu: mtoto akikohoa, angalia kwanza dirisha lake linatazama nini, kisha mpeleke kwa wanaojua. Usibuni.

Haya, nyinyi mliokulia kando ya barabara, kwenu mlinusishwa nini? Andikeni hapa chini. Tutacheka kwanza, pole tutawapa baadaye.